Upasuaji wa Bawasiri Si Kazi Bure

"Bawasiri haina tiba. Ukikatwa leo, baada ya mwaka imerudi." Kauli hii imewafanya watu wengi wavumilie damu na maumivu kwa miaka mingi, wakizunguka na dawa za kupaka zisizojulikana zimechanganywa na nini. Ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inaaminika. Lakini hitimisho lake, kwamba kupasuliwa ni kazi bure, halisimami, na linawaumiza watu.

Tuwatendee haki wanaoisema. Hawakuizua. Wamemwona ndugu aliyetoka hospitali akilia kila aendapo haja kubwa, kisha baada ya miaka miwili akaiona damu tena. Ni kweli pia kwamba wagonjwa wengi hawahitaji kisu kabisa. Bawasiri ya daraja la kwanza na la pili, yaani iliyo nyepesi, mara nyingi hutulia kwa kubadili mlo, au kwa kufungwa mpira mdogo unaokata damu mpaka kinyama kinyauke na kudondoka chenyewe. Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni kuruka kutoka "inaweza kurudi" hadi "usitibiwe".

Kwanza, tiba zinazotajwa kwa pamoja kama upasuaji hazifanani. Mwaka 1937, Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London, walieleza namna ya kukata vinyama na kuacha vidonda wazi vipone vyenyewe. Njia hiyo inatumika hadi leo. Mwaka 1998, Longo wa Italia akaleta njia ya kutumia mashine inayovuta nyama juu na kuibana kwa pini. Siku za mwanzo hii haiumi sana kama ile ya kukata, ila baada yake bawasiri hurudi zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 777, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili, wagonjwa 42 katika kila 100 waliofanyiwa kwa mashine walisema bawasiri imerudi. Kwa waliokatwa kwa njia ya zamani, walikuwa 25. Hiyo 25 si ndogo, lakini maana yake ni kwamba watatu katika kila wanne hawakusema imerudi. Kwa hiyo, mtu akisimulia kwamba jirani yake alipasuliwa ikarudi, swali la kumuuliza ni hili: alifanyiwa upasuaji gani?

Pili, si kila dalili inayorudi ni bawasiri. Kidonda kikipona, ngozi ya pembeni huweza kubaki na kinundu laini kisicho na madhara, na mgonjwa akikigusa huamini ugonjwa umeanza upya. Maumivu makali kama ya kukatwa wembe wakati wa haja mara nyingi ni mchaniko wa ngozi ya njia ya haja kubwa, nao una tiba yake. Na damu inaweza kutoka kwenye saratani ya utumbo mpana. Ndiyo maana anayeona damu tena hapaswi kujihukumu nyumbani, bali apimwe.

Tatu, kisu huondoa kilichovimba, hakiondoi kilichovimbisha. Kila mtu huzaliwa na vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, vinavyosaidia kuifunga vizuri. Bawasiri ni vifuko hivyo vilivyovimba na kushuka. Daktari haviondoi vyote, wala hapaswi, kwa sababu akikata kupita kiasi njia huweza kuwa nyembamba. Vilivyobaki vinaweza kuvimba navyo mgonjwa akiendelea na choo kigumu, kujikamua na kukaa chooni muda mrefu. Shamba lililopaliliwa huota magugu tena, lakini hakuna mkulima anayesema palizi ni bure. Uchambuzi wa majaribio 7, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba nyuzinyuzi hupunguza kutokwa damu kwa takribani nusu. Ingawa haukuwahusu hasa waliotoka kupasuliwa, unaonyesha uzito wa mlo katika ugonjwa huu. Maharage, mchicha, mapapai, ugali wa dona badala ya sembe, na maji ya kutosha ni sehemu ya tiba.

Nne, maumivu baada ya upasuaji si dalili kwamba umeshindikana. Sehemu ya juu ya njia ya haja kubwa haihisi maumivu kama ngozi, lakini ya chini ina neva nyingi, na ndiko kisu kinakofika. Kwa kawaida maumivu makali hudumu wiki moja hadi mbili, na vidonda vilivyoachwa wazi huchukua wiki nne hadi sita kupona. Maumivu hupunguzwa kwa kumeza dawa kwa saa zilizopangwa, kukalia maji vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, na dawa ya kulainisha choo. Anayejinyima chakula ili asiende haja hujiongezea mateso, maana choo huzidi kuwa kigumu. Damu kidogo wakati wa haja ni ya kawaida, lakini ikitoka nyingi, au ukipata homa, au mkojo ukikataa kutoka, rudi hospitali mara moja.

Sasa tupime upande wa pili wa mizani. Bawasiri ya daraja la nne hairudi ndani hata ukiisukuma kwa kidole, na damu inayovuja kidogo kidogo kwa miezi huweza kumwachia mtu upungufu wa damu. Kwa mgonjwa kama huyo, kutopasuliwa hakumkingi na ugonjwa kurudi, kwa sababu bado anao.

Basi anayemwendea daktari aulize mambo matatu: bawasiri yangu ni ya daraja gani, kuna njia ipi nyepesi kuliko kisu, na nikipasuliwa, nile na niishi vipi ili isirudi? Aamue kwa majibu hayo, si kwa hofu aliyorithi kwa jirani.