Umeme ukikatika, mashine haijazimwa



Nina malalamiko ambayo sisi mafundi wa Newala na Masasi tumeyasema sana, vijiweni na kwenye mikutano ya vijiji, bila kupata wa kuyashughulikia. Vijana wetu wanakatwa vidole na mikono na mashine ambazo kila aliyekuwepo aliamini zimezimwa. Msimu wa korosho unakaribia, mashine zinafunguliwa zifanyiwe matengenezo, na kwa namna kazi inavyofanyika sasa wataumia wengine.

Asiyeifahamu kazi ya mashine za kusaga hudhani hatari ipo pale mashine inaponguruma. Ikinguruma kila mtu anaiogopa: mama aliyeleta mahindi anakusanya khanga yake, watoto wanafukuzwa mlangoni. Ikinyamaza ndipo mikono inapoingia ndani. Fundi anaingiza mkono kubadili chekeche lililotoboka, kugeuza nyundo zilizolika upande mmoja, kurudisha mkanda kwenye puli, kuchomoa kamba ya gunia iliyojizungusha kwenye shafti. Wakati huo kinachomlinda ni neno la mtu mwingine tu: "Nimezima."

Neno hilo halitoshi, na huku kwetu halitoshi hata kidogo kwa sababu ya umeme tulionao. Mikoa ya Mtwara na Lindi iliishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea mitambo ya Mtwara inayotumia gesi ya Mnazi Bay. Kukatika kwa umeme tumekuzoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotuumiza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inasimama, na mtu anaona hapo ndipo pa kupata nafasi ya kuisafisha. Swichi imebaki imewashwa. Hakuna aliyeigusa, maana mashine imesimama yenyewe. Umeme unarudi bila kubisha hodi, na mota inaanza kuzunguka mkono ukiwa ndani.

Hili lina kinga yake, na kinga hiyo haikubuniwa jana. Stata, kile kifaa cha kuwashia mota, ikiwa nzima huachia umeme unapokatika, na umeme ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe. Lakini mashine nyingi ninazoitwa kutengeneza vijijini zimeungwa moja kwa moja kwenye swichi. Stata iliharibika, mpya ikaonekana ghali, fundi aliyepita akairuka ili wateja wasikose unga siku ile. Siku ile ikawa mwaka, na mwaka ukawa miaka. Namlaumu fundi aliyeiruka, na namlaumu zaidi mwenye mashine anayejua imerukwa na bado anamtuma kijana aingize mkono.

Kijana mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa njia hiyo hiyo. Mwenye mashine simtaji, wala kijiji sikitaji, maana sitaki jambo hili ligeuke ugomvi wa watu wawili. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Foleni ya wateja ilikuwa ndefu, na kijana akaambiwa atumie nafasi hiyo kubadili chekeche. Alimuuliza mzee wake wa kazi, "Mzee, swichi kuu umeshusha?" Akajibiwa, "Fanya kazi mwanangu, umeme haupo." Mpaka gari lipatikane na kijana afikishwe hospitali, vidole havikuwa vya kurudishika. Alipewa hela ya dawa na nauli, akaambiwa apumzike nyumbani. Mkataba hakuwa nao, na jina lake halikuwa kwenye daftari lolote. Ana mke na mtoto, na jembe analishika kwa shida.

Kijana yule aliuliza swali sahihi. Wapo wanaopenda kusema vijana wa siku hizi ni wazembe kazini. Huyu hakuwa mzembe. Alichokosa ni njia ya kujihakikishia mwenyewe bila kutegemea jibu la mkubwa wake. Katika desturi zetu kijana hawezi kumjibu mzee, "Sikuamini, ngoja nikaangalie." Kwa hiyo utaratibu ndio umsemee. Swichi ishushwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mfukoni yule anayeingiza mkono. Wakiwa watatu, ziwe kufuli tatu, kila mtu na yake, na mashine isiweze kuwaka mpaka wa mwisho atoe ya kwake. Pale kwenye swichi kining'inie kibao chenye jina la aliyefunga na maneno matatu tu: USIWASHE, MTU NDANI. Kabla ya kugusa chochote, mtu ajaribu kuiwasha mashine aone kama kweli imekufa. Mwenye foleni ya wateja, awe tajiri au diwani, hawezi kuibishia kufuli.

Utaratibu huu si ndoto yangu. Marekani waliufanya kanuni ya lazima mwaka 1989, chini ya wakala wao wa usalama kazini, ambao kifupi cha jina lake ni OSHA kama wetu. Wao wenyewe walikadiria kwamba kanuni hiyo inazuia vifo 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka. Kufuli wanazotumia ni kufuli tu, na bei ya kufuli ya kawaida katika maduka ya Mkuti pale Masasi haizidi kilo chache za korosho mnadani.

Umeme nao ni sehemu tu ya jambo hili, na hapa naomba wenye viwanda wanisikilize kwa makini. Mashine iliyokatiwa umeme inaweza bado kuwa na nguvu ndani yake. Kwenye ubanguaji wa korosho kuna boila. Moto umezimwa, lakini mvuke umebaki kwenye mabomba, na anayefungua valvu akidhani bomba ni tupu anaungua uso. Kuna pipa kubwa la kulishia korosho ghafi: likiwa limejaa na likakwama, anayepanda kulizibua kwa mguu anaweza kuzama nalo linapoachia ghafla. Ipo jenereta ya akiba inayojiwasha yenyewe umeme wa gridi ukipotea, kwa hiyo kushusha swichi ya TANESCO peke yake hakutoshi. Na fikiria maji yetu. Sisi wa juu ya uwanda wa Makonde hatuna mito. Maji tunayokunywa Newala yanasukumwa kwa pampu kutoka visima vya bondeni Kitangari, yakipanda mlima mamia ya mita. Pampu ikizimwa kwa matengenezo, maji yaliyomo kwenye bomba la kupandia bado yanalemea kushuka. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ikivuja, pampu inaweza kuzungushwa kinyumenyume na uzito wa maji peke yake, umeme usiwepo kabisa. Fundi anayejua hilo hufunga valvu na kumwaga presha kwanza. Na mji mzima ukiwa na ndoo tupu, simu za kumhimiza amalize haraka haziishi. Namwomba kila anayepiga simu hizo amwache fundi afuate hatua zake.

Nagusia historia kidogo, maana inaeleza kwa nini maarifa haya yamepungua huku. Masasi na Newala zilijengewa viwanda vikubwa vya kubangua korosho miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na mitambo ikaletwa kutoka Italia na Japani. Zao likaanguka: kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikafungwa, vingine vikageuzwa maghala, na mafundi waliofunzwa wakatawanyika. Leo Serikali inahimiza tena korosho ibanguliwe hapa hapa, na kongani ya viwanda inajengwa Maranje, kule Nanyamba. Nafurahi kwa hilo kwa moyo wote. Lakini wanaoajiriwa ni vijana waliojifunzia kwenye mashine za kusaga zisizo na stata, na akina mama ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza boila ni kitu gani. Mazoea ya kinu cha kijijini yatahamia kiwandani kama hakuna atakayeyazuia mlangoni.

Sheria ipo. Tulikuwa na sheria ya viwanda ya mwaka 1950, enzi za Mwingereza, na mahali pake ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Inataka sehemu za kazi zisajiliwe na zikaguliwe, sehemu za hatari za mashine zikingwe, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake wa WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia bila mfanyakazi kukatwa hata senti. Kijana niliyemsimulia alistahili kutibiwa na kulipwa fidia ya vidole vyake, lakini mwajiri wake hakuwa amemwandikisha popote.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zinaishia kwenye lami. Wakaguzi wa OSHA yetu tunasikia wamefika kwenye viwanda vikubwa na migodi. Kwenye vinu vya vijijini, karakana za uchomeleaji na vikundi vya akina mama vya kubangua korosho, mimi katika kazi yangu sijawahi kukutana nao. Sisemi kwamba hawafanyi kazi. Nchi ni kubwa na wao ni wachache. Basi wawatumie walio karibu: afisa biashara wa halmashauri anayetoa leseni, afisa afya anayekagua usafi wa kinu, watu wa TANESCO wanaofunga mita ya mashine. Kila mmoja wao hufika pale na kuondoka bila kuuliza kama ipo stata na kama swichi inafungika.

Naomba OSHA na halmashauri za Masasi na Newala waweke masharti matatu kwenye leseni ya kila mashine inayozungushwa kwa mota au injini: stata inayofanya kazi, swichi kuu inayofungika kwa kufuli, na kinga juu ya mkanda. Navisihi vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU, ambavyo vinakutana na wakulima wetu kila msimu, vitenge muda katika mikutano yao, fundi mmoja asimame aonyeshe kwa vitendo jinsi swichi inavyofungwa. Mafundi tupo, na mimi nitakuja bila malipo popote nitakapoitwa ndani ya wilaya hizi mbili.

Nanyi wenye mashine, nunueni kufuli wiki hii, na ufunguo mmpe kijana anayeingiza mkono. Minada ya korosho huanza Oktoba. Ukaguzi ufanyike kabla ya hapo.

Fundi mitambo,
Newala, Mtwara