Kabla ya kumeza tembe nyingine, hesabu siku zako

Simama kando ya duka lolote pale Kanduyi, Bungoma, saa moja jioni, dakika kumi tu. Utasikia: "Nipe ya kichwa." Muuzaji haulizi kinauma vipi, kimeanza lini, wala kama umekula. Anakata tembe mbili kwa makasi, anakurudishia chenji, anamhudumia anayefuata. Panda matatu uende Kitale na utasikia maneno yale yale, ila huku wateja wamevaa jaketi.

Sasa nikuulize wewe unayesoma hii huku kichwa kinagonga: mwezi uliopita ulimeza dawa ya kichwa siku ngapi? Sijauliza tembe ngapi. Nimeuliza siku ngapi.

Mimi niliulizwa swali hilo na afisa wa kliniki mmoja Kitale, nikajibu haraka, "Ah, mara moja moja tu." Akanipa kalenda na kalamu. Tukaanza kuhesabu pamoja: siku za presha ya mwisho wa mwezi kazini, Jumatatu baada ya safari ya nyumbani Bungoma, wiki ile nzima ya baridi. Zikafika siku 19. Nilikuwa nimeenda pale nikiamini nina malaria sugu. Kumbe dawa niliyokuwa nameza ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Madaktari wana kipimo cha jambo hili. Mtu ambaye tayari husumbuliwa na kichwa, akimeza dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kumletea maumivu. Kwa tembe za mchanganyiko, zile zenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, kiwango ni siku 10 tu. Na tembe za aina hiyo hazikosekani madukani kwetu. Geuza pakiti usome.

Ni kama mkopo wa simu. Leo unakopa upumue, kesho unakatwa na riba, halafu unakopa tena ndio ufike mwisho wa wiki. Dawa ikiisha mwilini, kichwa kinadai. Wewe unadhani ugonjwa umerudi, unameza nyingine.

Msimamo wangu ni huu: vijana wa huku kwetu tunajua bei ya tembe kuliko tunavyojua vichwa vyetu, na hali hiyo inatuumiza. Kabla ya dawa yoyote, chukua kalenda.

Tuanze na hii malaria tunayoisingizia kila kitu. Nyumbani Bungoma, ukisema kichwa kinauma, jibu la kwanza ni "hiyo ni malaria". Kuna sababu. Bungoma iko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria ipo mwaka mzima. Kitale iko juu zaidi, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na malaria huko si ya kila siku. Lakini wengi wetu tulihamia Kitale na mazoea ya Bungoma ndani ya begi. Kanuni ni rahisi: kichwa kikija na joto la mwili, kutetemeka na viungo kuuma, nenda upimwe, hasa kama wiki chache zilizopita ulilala Bungoma. Unatobolewa kidole na majibu yanatoka kabla chai haijapoa sana. Kipimo kikisema huna, usimeze dawa ya malaria "kwa usalama". Uliza swali lingine.

Swali lenyewe ni: hiki ni kichwa gani? Kile kinachowapata wengi hukaza pande zote mbili, kama umefungwa kamba kwenye paji la uso. Kinakuja na uchovu, mawazo, au shingo iliyoinama juu ya simu kutwa nzima. Kinaudhi, lakini unaweza kuendelea na kazi.

Kipandauso ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi kinashika upande mmoja, kinapiga kama ngoma, na kisipotibiwa kinaweza kukaa kutoka saa nne hadi siku tatu. Unasikia kichefuchefu, pengine unatapika. Mwanga unakuchoma, kelele za jirani zinakutoa machozi, ukipanda ngazi kinazidi. Wengine huanza kwa kuona vimulimuli au mistari iliyopinda pinda kabla maumivu hayajafika. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya saba duniani ana tatizo hili. Linawapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi hurithiwa. Kwa hivyo ukimkuta mwenzako hosteli amejifunika blanketi saa sita mchana, tafadhali usiseme anajifanya. Usiseme amerogwa pia. Zima redio, funga pazia, mletee maji.

Na dada yangu, kuna jambo moja wengi hawaambiwi. Kama unaona vimulimuli vile kabla ya kichwa kuuma, mweleze mhudumu wa afya kabla ya kuanza vidonge vya kupanga uzazi. Vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa watu wa aina hiyo. Zipo njia nyingine za kupanga uzazi. Uliza tu.

Ukianza kuandika kwenye kalenda, utashangaa jinsi chanzo kinavyojitokeza chenyewe. Mwendesha boda anakunywa chai na mandazi asubuhi, anashinda juani bila maji, helmeti inambana, na saa kumi kichwa kinapasuka. Mwanafunzi anakesha na simu hadi saa nane usiku, anajichangamsha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, halafu Jumamosi analala hadi mchana na kuamka na kichwa kizito. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa ghafla hulalamika, na usingizi uliozidi husumbua kama ule uliopungua. Wale wa Bungoma mnajua pia Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu: kengele usiku kucha, kutembea kijiji hadi kijiji, busaa bila chakula cha maana. Sisemi usiende. Nasema kunywa maji, kula, na tafuta mahali ulale.

Vipo vyanzo viwili ambavyo havitaki kalenda, vinataka uchukue hatua papo hapo. Kwanza ni jiko la makaa. Usiku wa Julai Kitale una baridi kali, na mtu wa bedsita anaingiza jiko ndani, anafunga dirisha, analala. Gesi ya makaa haina harufu wala rangi. Ikiwa nyote chumbani mna kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na mkitoka nje mnapata nafuu, jueni mmeponea chupuchupu. Tokeni, fungueni mlango, muende hospitalini. Pili ni dawa za kunyunyizia shambani. Ukipata kibarua cha kunyunyizia mimea Trans Nzoia kisha kichwa kije na jasho jingi, mate kujaa mdomoni na macho kutoona vizuri, hiyo ni sumu. Usikimbilie tembe dukani.

Najua utaniambia: "Sawa, lakini hospitali ina foleni, na tembe ni pesa kidogo." Ni kweli. Mimi pia sisemi dawa ni mbaya. Dawa ya maumivu ikimezwa mapema, kwa kipimo sahihi, siku chache kwa mwezi, inasaidia, na hata kipandauso kinatulia vizuri zaidi ukikiwahi. Lakini fuata masharti. Kwa mtu mzima, parasetamoli ya miligramu 500 isizidi tembe nane kwa saa 24, na kumbuka huenda imejificha ndani ya dawa ya mafua unayokunywa pia. Aspirini na ibuprofeni usimeze tumbo likiwa tupu, na kama una vidonda vya tumbo ziepuke hadi uongee na daktari. Na kama kipandauso kinakurudia mara nyingi kila mwezi, zipo dawa za kukizuia kisije. Hizo huandikwa hospitalini, haziuzwi kwa makasi.

Kisha kuna wale wanaopanda matatu kati ya Bungoma na Kitale na chupa za mitishamba: inatibu kichwa, mgongo, vidonda vya tumbo, mpaka mapenzi. Mimi napenda vya asili, lakini chupa isiyoandikwa kilicho ndani siigusi. Nafuu ya asili inayojulikana haina mbwembwe. Kunywa maji mapema, usisubiri kiu. Kula kwa wakati, hata kama ni githeri au ndizi. Lala na uamke saa zilezile, wikendi pia. Kichwa kikianza, ingia mahali penye giza na utulivu, weka kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso au shingoni. Nyoosha shingo na mabega kila baada ya saa moja ya kutazama skrini. Chai ya tangawizi inatuliza kichefuchefu. Mazoezi ya kawaida, hata kutembea kwa miguu kwenda kazini, hupunguza idadi ya siku mbaya kwa wengi. Hayo yote unaweza kuyaanza leo bila kumwomba mtu pesa.

Lakini kuna vichwa ambavyo havisubiri maji wala usingizi. Kikija ghafla kama radi, kikali kuliko chochote ulichowahi kusikia. Kikija na homa na shingo kukakamaa. Kikianza baada ya kuanguka na boda, hata kama hukutoka damu. Kikija na mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, macho kufifia au kifafa. Kikimshika mama mjamzito huku uso umevimba au anaona maluweluwe. Na kikija baada ya kunywa chang'aa huku macho yanaona ukungu. Hapo tafuta gari, iwe ni usiku au mchana, uende hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, Bungoma au Kitale.

Mimi niliacha zile tembe kwa ushauri wa yule afisa. Usidanganywe kwamba ni rahisi: siku za kwanza kichwa kiliuma kuliko zamani, na siku ya tatu nilifika hadi mlangoni mwa duka. Ikiwa umekuwa ukitumia dawa zenye kodeini au nyingine kali, usiache peke yako, pata mwongozo. Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kupata asubuhi ambazo sikukumbuka kabisa kwamba nina kichwa. Mwezi uliopita nilitia alama siku nne tu. Nne bado ni nne, lakini si 19.

Basi usiku huu, kabla hujalala, fungua kalenda ya simu yako. Weka alama siku ambazo kichwa kiliuma, na alama nyingine siku ulizomeza dawa. Andika ulilala saa ngapi na ulikula nini. Fanya hivyo mwezi mmoja. Ukifika 10, usiende dukani. Nenda kliniki na hiyo kalenda, umwonyeshe mtu anayejua kuisoma.