Uvimbe Usiouma na Somo la Tezi za Mate

Katika vijiji vya Masasi na Newala, mtoto akivimba mashavu na kupata homa, wazee husema ana matubwitubwi, na aghalabu husema kweli. Ugonjwa huo huuma, nao hupoa baada ya siku chache. Lakini uvimbe mgumu wa upande mmoja, mbele ya sikio au chini ya taya, usiouma wala kupungua mwezi hata mwezi, ni jambo jingine kabisa.

Mwili una jozi 3 za tezi kubwa za mate, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kinywani. Iliyo kubwa kuliko zote hukaa mbele ya sikio. Katika kila uvimbe 10 unaoota humo, takribani 8 si saratani. Katika tezi ya chini ya taya, karibu nusu ni saratani. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo shaka inavyozidi.

Tiba ya kwanza ni upasuaji. Ugumu wake hutokana na mshipa wa fahamu wa uso, ambao hupita ndani ya tezi ya mbele ya sikio na kugawanyika matawi 5 makuu. Kwa matawi hayo mtu huinua nyusi, hufumba jicho na hutabasamu. Nembo walizochanja usoni Wamakonde wa zamani ziliishia kwenye ngozi. Kisu cha daktari bingwa hupita chini zaidi, naye hana budi kuutambua mshipa huo kabla ya kuiondoa tezi. Uvimbe ukichokolewa peke yake, ganda lake huweza kupasuka, chembe zake zikamwagika, nao ukarudi baadaye kwa vinundu vingi. Ndiyo maana operesheni ya kwanza ina matumaini kuliko ya pili.

Saratani iliyo kali, au iliyofika shingoni, huongezewa tiba ya mionzi, kama itolewayo na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Takwimu za Marekani zaonyesha kwamba saratani ikikutwa ingali ndani ya tezi, wagonjwa zaidi ya 9 katika 10 huishi miaka 5 au zaidi. Ikishasambaa mbali, hubaki chini ya nusu.

Huko Nanganga barabara itokayo pwani hugawanyika: moja huelekea Ruangwa, nyingine hupita Ndanda, penye hospitali ya misheni, hadi Masasi. Hospitali basi haiko mbali. Kilicho mbali ni uamuzi. Anayengoja korosho ziuzwe, au anayechanjwa chale juu ya uvimbe, hupoteza wakati ambao hakuna bingwa awezaye kuurudisha.

Katika somo la umeng'enyaji wa chakula, tezi za mate hutajwa kwa ajili ya vimeng'enya tu. Yafaa mwalimu aongeze sentensi moja: uvimbe wa tezi hizo usiopungua katika majuma machache uonwe na daktari, hata kama hauumi. Sentensi hiyo haihitaji maabara wala fedha, na mwanafunzi ataifikisha nyumbani jioni ile ile.