Usinunue Jina, Nunua Kizazi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukitaka kuuona ukweli wa methali hii, ndugu msomaji, nenda katika mtaa wowote wanakouza kompyuta kuukuu, useme unatafuta mashine ya kuchezea gemu na kwamba mfuko wako si mzito. Hutaimaliza sentensi yako. Utavutwa mkono, uonyeshwe kisanduku cheusi kilichopanguswa vumbi asubuhi hiyo, kisha uambiwe, "Boss, chukua hii. Hii ni i7! Inabeba kila kitu."

Hata huku shuleni mambo ni yayo hayo. Wakati wa mapumziko utasikia ubishi: "Manze, afadhali i7 ya kitambo kuliko i3 mpya." Mwenzake anaitikia, "Si ni wazi? Saba si tatu!" Hesabu hiyo ni sahihi mbele ya mwalimu wa Hisabati, lakini katika kununua prosesa ni hesabu ya kumfilisi mtu. Ndiyo sababu nimeishika kalamu. Maoni yangu ni haya: mwenye pesa kidogo asinunue jina la prosesa, anunue kizazi chake. Tena asikubali prosesa imlie pesa zote, kwa maana gemu haichezwi na prosesa peke yake.

Kwanza tuelewane. Prosesa, ambayo walimu wetu wa Kiswahili huiita kichakataji, ndiyo ubongo wa kompyuta. Chukua mfano wa gemu ya kandanda. Prosesa ndiyo inayoamua mpira umeenda wapi, beki amekimbilia upande gani, na kipa ameruka au amezubaa. Ikishaamua, huipa kazi kadi ya michoro, nayo kadi huchora nyasi, jezi na mashabiki. Picha moja ikiisha, huanza nyingine. Ili mchezo uteleze vizuri machoni, tunataka picha 60 kwa kila sekunde. Gawanya mwenyewe: kila picha ina milisekunde 16.7 hivi, basi.

Sasa kumbuka foleni yetu ya chakula cha mchana. Mpishi mmoja anakata ugali, wa pili anapakua sukuma wiki. Yule wa ugali akiwa mzito, yule wa sukuma husimama na upawa mkononi akitutazama. Hata ukimleta mpakuaji hodari kuliko wote nchini, foleni haitasonga. Prosesa na kadi ya michoro ni hivyo hivyo. Prosesa ikichukua milisekunde 25 kufanya uamuzi wake, utapata picha 40 kwa sekunde hata kama kadi yako ni ya bei ya ng'ombe wawili. Na kadi ikichukua milisekunde 25 kuchora, utapata 40 zile zile hata kama prosesa yako ni ya kifalme. Anayeamua mwendo ni yule mzito.

Tukishaelewa hilo, turudi kwa huyu bwana mkubwa anayeitwa i7. Kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa za jina hilo mwaka 2008. Tangu hapo zikatoka i7 za kizazi cha pili, cha tatu, cha nne, na kuendelea hadi kupita cha kumi. Zote zaitwa i7. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni i7" na akanyamaza hapo, ni kama kukuambia "hili ni basi" bila kukuambia kama ni la mwaka jana au ni lile lililombeba babu yako akienda kuposa.

Hebu tuzipime mbili. Ya kwanza ni Core i7-2600, iliyotoka mwaka 2011. Ina viini vinne na nyuzi nane za kazi, na kasi yake hufika GHz 3.8. Ya pili ni Core i3-12100, iliyotoka mwaka 2022. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na kasi yake hufika GHz 4.3. Ukiangalia karatasi utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe sivyo. Kila pigo moja la i3 hiyo hufanya kazi nyingi zaidi ya pigo moja la i7 ile, kwa kuwa wahandisi wamekuwa wakiboresha mpangilio wa ndani kwa miaka zaidi ya kumi. Ni kama watu wawili wanaolima kwa mapigo sawa, mmoja ameshika jembe la mkono na mwingine amefunga plau. Katika gemu, ile i3 huiacha i7 hiyo nyuma kwa mbali. Tena i7 hiyo imepangiwa wati 95 za umeme, na i3 imepangiwa 60. Anayenunua tokeni za stima nyumbani anajua maana yake.

Kukijua kizazi si uganga. Soma tarakimu zinazofuata ule mstari mdogo. Katika i7-2600 ya kwanza ni 2, basi ni kizazi cha pili. Katika i5-8500 ni 8, kizazi cha nane. Katika i3-12100 soma mbili za mwanzo, 12, kizazi cha kumi na mbili. Ukiona tarakimu tatu tu, kama i7-920, hiyo ni ya kizazi cha kwanza kabisa. Mwamkie kwa heshima kisha upite. Muuzaji akikataa kuiwasha mashine ili uisome namba hiyo kwa macho yako, jua kuna jambo.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwenzetu mmoja aliyemaliza masomo hapa alichuma majani chai likizo mbili mfululizo akiweka akiba. Mamake alimwongezea kutoka kwenye mgao wake wa chama cha akina mama, akimwambia, "Mwanangu, nunua kitu kitakachokufaa hata ukienda chuo." Kijana akaenda mjini akauziwa i7. Ilikuwa i7 kweli, hakudanganywa jina. Ilikuwa ya kizazi cha pili. Gemu aliyoitaka ikamchezea kama picha za ukutani, moja baada ya nyingine. Aliporudi dukani aliambiwa, "Mali ikitoka hairudi, kijana." Mamake hakugomba. Aliuliza tu kama kuna sehemu nyingine ya kununua ili ifanye kazi. Hakukuwepo, maana ubao mama wa mashine ile, ile bodi kubwa ambayo sehemu zote huchomekwa, ulipokea prosesa za kizazi cha pili na cha tatu pekee. Hakukuwa na mahali pa kupanda.

Kuna na jambo la Windows. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 mnamo tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa kanuni yake rasmi, haizipokei prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Najua wapo wajanja watakaosema, "Kuna njia ya kuizunguka." Ipo. Lakini baadhi ya gemu za mtandaoni nazo zimeweka walinzi mlangoni. Valorant, kwa mfano, kwenye Windows 11 hudai mashine iwe na kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine nyingi za mwaka 2011 hazina kitu hicho. Utaizunguka Windows, lakini utakwama kwenye gemu yenyewe uliyonunulia mashine.

Wapinzani wangu watasema jungu kuu halikosi ukoko. Nakubali, tena nawapa haki yao. Mashine kuukuu ya ofisini huja nzima: kasha, ubao, kumbukumbu, diski na kisanduku cha umeme, vyote kwa bei ambayo pengine ingenunua ubao mpya peke yake. Ikiwa pesa zako ni kidogo sana, njia hiyo si mbaya. Lakini hata huko sheria ni ile ile, tazama kizazi. i5-8500 ya mwaka 2018 ina viini sita na Windows 11 inaikubali. Ningeichukua hiyo mara kumi kabla ya kuigusa i7 ya 2011. Tena kagua kisanduku cha umeme, kwa kuwa mashine za ofisi nyingi zimewekewa kidogo kisicho na waya wa kulisha kadi kubwa. Huko utatafuta kadi ndogo, mfano GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo baadhi ya matoleo yake hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye ubao wenyewe. Na kama kasha ni lile jembamba, pima kwanza, usije ukanunua kadi isiyoingia.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Kwa anayetaka kujiundia mashine yake kipande kwa kipande, ushauri wangu una njia mbili. Jiulize swali moja tu: je, nitanunua kadi ya michoro sasa, au baadaye?

Kama ni baadaye, nunua prosesa iliyobeba michoro yake ndani. Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ni mfano mzuri. Ina viini sita na nyuzi kumi na mbili, na uwezo wake wa michoro hutosha kwa gemu nyingi nyepesi ukipunguza urembo kidogo. Ila michoro hiyo hukopa kumbukumbu ya RAM. Kwa hiyo usinunue kijiti kimoja cha GB 16. Nunua viwili vya GB 8 uvichomeke pamoja, ili njia za kupitia ziwe mbili. Wengi hupuuza jambo hili, kisha wakailaumu prosesa bure.

Kama kadi unayo tayari, au utainunua siku hiyo hiyo, chukua Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G. Hiyo ilitoka mwaka 2022, haina michoro ndani, lakini ina hifadhi ya haraka ya MB 32 mahali ambapo 5600G ina 16, na hilo husaidia katika gemu. Upande wa Intel, i3-12100F yafaa vilevile. Ila angalia hiyo herufi F! Maana yake ni kwamba haina michoro. Ukiinunua bila kadi, utaunganisha skrini, utabonyeza swichi, na skrini itabaki nyeusi kama sufuria ya kuni. Herufi moja hiyo imewatoa watu jasho.

Uzuri wa hizo Ryzen mbili ni kwamba zinakaa kwenye soketi iitwayo AM4, ambayo ilianza kupokea prosesa za Ryzen mwaka 2017. Waliojenga wakati huo kwa prosesa ya kizazi cha kwanza, wengi wao waliweza miaka mitano baadaye kuchomoa ile ya zamani na kuweka Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 kwenye ubao ule ule, baada ya kusasisha programu ya ubao tu. Huko ndiko kununua kwa akili: unaanza chini, na ngazi ipo. Mwenye pesa zaidi kidogo anaweza kuanzia AM5, soketi ya mwaka 2022, lakini ajue ubao wake hupokea kumbukumbu za DDR5 pekee.

Na pesa tuzigawe vipi? Kanuni yangu ni rahisi. Katika kila shilingi mia moja, prosesa isipite ishirini, na kadi ya michoro ipewe kati ya thelathini na tano na arobaini. Kinachobaki kigawiwe ubao, kumbukumbu, diski ya SSD, kasha, na kisanduku cha umeme ambacho hakitatuletea moshi nyumbani. Atakayetoa shilingi hamsini kwa prosesa kisha akaokota kadi ya bure amemleta mkata ugali hodari na kumnyima mwenzake upawa.

Huenda mwalimu fulani, akisoma hapa, anauliza, "Gemu tena? Na mitihani je?" Mwalimu, shikamoo. Mashine ninayoisema hapa ndiyo hiyo hiyo itakayoandika insha, itakayofanya kazi ya somo la Kompyuta, na itakayomfundisha mtu kuhariri video na kuandika programu. Kizazi kipya kitamtumikia mwanafunzi hadi amalize chuo. Kizazi cha zamani kitamrudisha kwa mzazi mkono mtupu kabla ya mwaka kuisha. Zaidi ya hayo, anayejifunza kuuliza "ya mwaka gani?" kabla ya kutoa pesa amejifunza jambo ambalo litamfaa akinunua simu, pikipiki, hata shamba.

Basi, wenzangu, likizo inakuja na wengine wenu tayari mnahesabu akiba. Mkifika dukani na yule bwana akawaimbia i7, msibishane naye. Mwambieni kwa adabu, "Sawa, mkubwa. Tuwashie tuone namba." Namba ikitokea, someni kizazi. Kikiwa cha kale, rudisheni pesa mfukoni mwendelee na safari. Akili ni mali, na wenye pesa kidogo ndio wanaoihitaji zaidi.