Tusivunje sanduku Desemba

Januari ya mwaka jana nilisimama siku tatu mfululizo mbele ya dirisha la ofisi ya vifurushi mjini Kasese, nikimuuliza kijana yule yule swali lile lile. Mzigo wangu ulikuwa magunia manne ya sandarusi: mabegi ya shule, chupa za chai na tochi, vyote vimenunuliwa Kikuubo, Kampala, na nauli yake imelipwa kabla ya mwaka mpya. Kila siku nilitoka Bwera, liliko duka langu, asubuhi, nikapita Kikorongo, na jioni nikarudi mikono mitupu. Jibu lilikuwa moja: "Mama, uko njiani." Siku ya tatu nikachungulia kwa ndani nikaliona gunia langu moja limelaliwa na madumu ya mafuta ya kupikia. Jina langu, lililoandikwa kwa kalamu nene nyekundu, lilikuwa limeanza kutapakaa kwa mafuta. Limefika lini? Hakuna aliyejua. Matatu yaliyobaki yalikuja baada ya siku tisa.

Sitaki kumlaumu kijana yule. Mshahara wake naufahamu. Baada ya Krismasi mabasi yanaondoka huku yamejaa watu wanaorudi Kampala, lakini yanakuja huku karibu matupu, na basi tupu halina haraka ya kusafiri. Muuzaji wa jumla naye amefunga stoo, yuko kijijini kwao. Dereva wa Fuso hatoki mpaka gari lijae, na mwezi huo halijai. Kinachoudhi ni kwamba huu ndio wakati barabara zetu ni kavu. Mto Nyamwamba umetulia mkondoni mwake, vumbi ndilo linalotusumbua, si matope. Mwezi wa Mei, mto ukifurika na madaraja yakiyumba, mizigo hupita. Januari, njia nyeupe, haiji.

Na pale Mpondwe, mpakani na Kongo, mteja hangoji. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, akina mama wa Kasindi huvuka daraja la Lhubiriha tangu asubuhi. Mmoja wao ni mteja wangu wa miaka mingi. Hununua hapa na kupeleka mpaka Beni. Ijumaa ile alisimama mlangoni, dola zake amezikunja ndani ya kitambaa, akaniuliza: "Mama, begi za batoto ziko wapi?" Nikamwambia ziko Kasese. Akacheka, kwa sababu Kasese si mbali. Akaenda duka la jirani, akanunua mabegi yaliyobaki tangu mwaka juzi, zipu zimeshika kutu. Sijui kama nilimpoteza kwa Ijumaa moja au kwa mwaka mzima.

Watu wa hapa wana neno la kufunga mjadala: "Ni Januari." Wanalisema kama unavyosema ni mvua. Mimi nimefanya biashara hii muda wa kutosha kujua kwamba Januari hazifanani. Ya 2021 ilikuwa ya uchaguzi: tarehe 14 tulipiga kura bila intaneti, na kwa siku kadhaa sikuweza hata kumtumia muuzaji picha ya bidhaa ninayoitaka. Ya 2022 madereva wa malori waligoma kulipia kipimo cha korona mpakani na Kenya, foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilomita, petroli ikaadimika nchi nzima, na nauli ya kifurushi ikapanda kila nilipouliza. Ya 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi, wateja wangu wa Butembo walishika pesa zao mkononi wakisubiri kuona vita vinaelekea wapi. Mwaka huo huo Wachina waliingia mwaka wao mpya tarehe 29 Januari, viwanda vikafungwa wafanyakazi waende makwao, na begi ambalo halikutoka kiwandani kabla ya hapo hulioni Mombasa mpaka Machi au Aprili, kabla hata hujaanza kuhesabu zile kilomita elfu moja na zaidi za kutoka Mombasa mpaka Kampala.

Katika hayo yote, mimi mwenye duka la mlango mmoja Bwera naweza kubadilisha lipi? Si uchaguzi, si M23, si kalenda ya Uchina. Reli iliyoletwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe imelala miaka mingi, na hata ikiamshwa kesho haitanikuta nikiuza mabegi. Lakini liko moja tunalojifanyia wenyewe, kwa mikono yetu, tena kwa shangwe na soda. Tunavunja sanduku Desemba.

Ambaye hajawahi kuwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, nimweleze. Sanduku letu ni la bati, la kijani, ndugu kabisa wa lile analobeba mtoto wa bweni. Ninayauza yote mawili, na tofauti ni kwamba la akiba lina matundu matatu ya kufuli. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Kila Jumapili tunakutana, watu 23, tunanunua hisa, anayetaka mkopo anaomba, anarudisha na riba kidogo. Mtindo wenyewe ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, na kanuni yake haijabadilika sana: mzunguko wa karibu mwaka mmoja, kisha mikopo yote irudi, hesabu ifanywe, kila mmoja aondoke na hisa zake na faida yake. Mwezi wa kugawana wanauchagua wanachama.

Sisi tulichagua Desemba, kama karibu kila kikundi ninachokijua kati ya Kasese na mpaka. Sababu inaeleweka: nyama, nguo za watoto, kwenda kuwasalimu wazee mlimani. Siku ya kugawana tunatandika mkeka uani, kufuli zinafunguliwa moja moja, noti zinapangwa mafungu, na yule mama ambaye mwaka mzima ananunua hisa moja moja huzihesabu zake mara mbili kisha akafunga fundo kwenye kona ya leso. Siku hiyo ni nzuri, sikatai.

Tatizo ni yanayotangulia na yanayofuata. Ili tugawane katikati ya Desemba, lazima mikopo yote irudi mwishoni mwa Novemba. Novemba! Mwezi ambao mfanyabiashara anapaswa kukopa, sio kurudisha, maana muuzaji wa jumla bado ana mali, mabasi yanakuja huku yamejaa, na gunia likitoka Kampala usiku, kesho yake unalo. Badala ya kwenda Kikuubo, mimi nahangaika kuuza vitu kwa hasara nilipe deni nisije nikaaibika mbele ya kikundi. Januari inapoingia, sanduku ni tupu. Hisa za mzunguko mpya zinaanza kwa elfu mbili elfu mbili, na hakuna wa kumkopesha mwenzake. Matokeo ya darasa la saba yanatoka, wazazi wanatafuta masanduku, magodoro na mabegi kwa ajili ya muhula wa Februari, na sisi wenye maduka tunakwenda kwa mkopeshaji wa mjini anayeshika kadi yako ya ATM na kitambulisho chako. Mzigo ukichelewa siku tisa, riba yake haichelewi hata moja.

Nasema tugawane mwishoni mwa Januari, au Februari. Mikopo ya Novemba ibaki kazini mpaka mabegi yauzwe. Mwenye mtoto atapata ada siku inapodaiwa hasa, badala ya kuipata Desemba na kuila pamoja na mbuzi. Anayetaka pesa ya sikukuu akope sandukuni kiasi kidogo, ambacho hisa zake zinaweza kukilipa.

Nilileta hoja hii kikundini Oktoba. Mzee mmoja aliniuliza kama nataka ale Krismasi kwa mboga. Mama mwingine, anayenunua chumvi Katwe na kuiuza Kasindi, alikuwa na hoja nzito zaidi. Kwake kiangazi cha Januari ndicho mavuno: maji ya ziwa yanapungua, chumvi inaganda, na anataka pesa zake mkononi Desemba ili awahi kununua. Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Labda kikundi cha watu wa chumvi kisiwe kimoja na cha watu wa mabegi. Wa tatu alisema sanduku likikaa na mafungu ya mwaka mzima wakati wa sikukuu, wezi hawatatuacha. Hilo linajibika, pesa zinaweza kupelekwa benki au kuwekwa kwenye simu ya kikundi, ingawa najua wengi wetu tunaamini kufuli kuliko simu.

Tukapiga kura. Waliokataa walikuwa 14, tuliokubali tulikuwa tisa. Katikati ya Desemba tukavunja sanduku kama kawaida. Nami nilikula nyama.

Mwenye chumvi alikuwa kati ya wale 14, na simtarajii ageuke. Lakini wawili wauza magodoro na mmoja wa vitenge walikataa kwa sababu ya Krismasi tu, na Januari hii niliwaona wote watatu pale Kasese, kwenye foleni ya dirisha lile lile, wakiambiwa mizigo yao iko njiani. Jumapili ya kwanza ya Machi tunazipitia upya kanuni za mzunguko huu mpya. Nimeshaongea na hao watatu, na kesho namwona yule mzee wa mboga.