Mlizamu wa Paa
Sisi watu wa Pwani tuliohamia Eldoret tulijenga paa bapa la zege kama la kwetu, tukasahau kwamba huku mvua haikomi na masika. Julai na Agosti bado yanyesha, tena ya mawe. Msimu uliopita mawe hayo yalizoa majani ya mkaratusi hadi mdomoni mwa mlizamu, maji yakatuama, na alfajiri yakawadondokea watoto vitandani. Kina cha sentimita 5 juu ya mita 20 za mraba ni tani 1 nzima! Nayo yakipenya ufa, nondo hushika kutu. Fundi ametutilia mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na mlizamu wa pili wa dharura. Kufagia ni juu yetu, kila Alhamisi jioni.