Mtoto akizaliwa na kasoro, tusimbebeshe mama peke yake

Hapa Ipinda mtoto akizaliwa haoni au hasikii, hata akika haijafanyika utasikia barazani watu wakichambua ukoo wa mama. "Kwao kuna kitu." Hutokea hata mwanamke akarudishwa kwao na kichanga mgongoni.

Ukiwaeleza kuwa huenda ni rubela, watakujibu: mbona jirani naye alitoka vipele akiwa mjamzito na mtoto wake mzima? Swali hilo si la kipuuzi.

Kwanza ni umri wa mimba. Tangu 1941, Dk. Norman Gregg wa Australia alipowakuta watoto wengi wana mtoto wa jicho na mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito, jambo hili linajulikana. Ikimpata mama ndani ya wiki 12 za mwanzo, hatari kwa mtoto hufika hadi 90 katika 100: macho, masikio, moyo. Mama mwenyewe huona vipele na homa ndogo ya siku tatu, au asione kitu.

Pili ni urithi. Virusi vya Zika viligunduliwa hapo Uganda mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Vilipoivamia Brazil mwaka 2015, watoto wengi walizaliwa na vichwa vidogo. Wakaonekana mapacha wasiofanana, tumbo moja, mama mmoja, mmoja ameathirika na mwenzake mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo wakaotesha maabara chembe changa za ubongo kutokana na mapacha hao, wakaziambukiza Zika. Katika chembe za walioathirika virusi vilizaliana zaidi. Matokeo yalitolewa 2018. Mapacha waliopimwa ni wachache, na ile ni Zika, si rubela. Lakini yatosha kuonesha kuwa virusi vilevile havimpati kila mtoto sawasawa.

Sasa wewe mume unayesema "kwao kuna kitu", urithi huo nusu umeutoa wewe! Tena katika hali hii urithi peke yake haukumdhuru mtoto. Ilibidi kirusi kiingie.

Urithi hatuuchagui. Kirusi cha rubela kinazuilika. Chanjo ya surua na rubela ilianza nchini mwaka 2014, hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kinachonisikitisha ni baba anayepata nafasi ya kupeleka kakao mnadani lakini kadi ya kliniki ya mwanawe hajapata kuifungua. Mtoto asiyechanjwa ndiye anayemkoholea shangazi yake mjamzito.

Kampeni ya 2014 iliishia kwa watoto wa chini ya miaka 15, hivyo dada zetu waliokuwa wamefikisha umri huo haikuwagusa. Wengi waliugua utotoni wakapata kinga, si wote. Na chanjo hii haichomwi wakati wa ujauzito, basi anayejiandaa kuolewa aulize kituo cha afya kabla ya ndoa.